Mbio za hisani zinavyoweza kumfupishia njia mgonjwa wa saratani wa Mtwara

KUTOKA Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara. Umbali huo ni sawa na kukimbia marathoni 13 mfululizo, kwani marathoni moja ina kilomita 42 na mita 195.

Kwa mfanyabiashara wa korosho au mtumishi anayekwenda likizo, hiyo ni safari ya siku moja ndani ya basi. Kwa mgonjwa wa saratani aliyepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, umbali huo huo ndio unaoamua kama atapata tiba kwa wakati, atachelewa, au atabaki nyumbani.

Mkazi wa Msimbati, au wa vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma karibu na mpaka wa Msumbiji, ana kazi kubwa zaidi. Kabla ya kulifikia basi la Dar es Salaam hulazimika kusafiri takribani kilomita 40 hadi Mtwara mjini, sehemu kubwa ikiwa ni njia ya vumbi na mchanga. Hiyo peke yake ni karibu marathoni moja.

Katika miaka ya karibuni, mbio za kukusanya fedha kwa ajili ya wagonjwa wa saratani zimeota mizizi Afrika Mashariki. Maelfu ya watu hujisajili, huvaa fulana za rangi moja na kukimbia alfajiri. Lakini wengi wao hawafahamu jinsi kilomita zinavyogeuka shilingi, wala shilingi hizo zinapaswa kumfikia nani.

Kwa mikoa ya kusini swali hilo ni zito. Mbio za hisani zikipangwa vizuri zinaweza kuifupisha njia ya mgonjwa. Zikipangwa vibaya huishia kuwa tamasha la fulana na picha.

Chimbuko la mbio hizo

Mtu aliyeifanya dunia ione kwamba mbio ndefu na saratani vinaweza kuwekwa katika sentensi moja ni Terry Fox, kijana wa Canada. Mwaka 1977 madaktari walimkata mguu wa kulia, juu ya goti, kutokana na saratani ya mfupa.

Aprili 12, 1980 alianza kukimbia kutoka pwani ya mashariki ya nchi hiyo kwa mguu wa bandia. Lengo lake lilikuwa kuvuka nchi nzima na kukusanya fedha za utafiti wa saratani. Kila siku alijitahidi kukimbia umbali unaokaribia marathoni kamili.

Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, Septemba 1 mwaka huo, alilazimika kusimama kwa kuwa saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki dunia Juni 1981 akiwa na umri wa miaka 22. Wakati huo michango ilikuwa imezidi dola milioni 24 za Canada, takribani dola moja kwa kila raia wa nchi hiyo. Tangu mwaka 1981, mbio zenye jina lake hufanyika kila mwaka Canada na katika nchi nyingine nyingi.

Mwaka 1988 nchini Marekani, Bruce Cleland, ambaye binti yake alikuwa akiugua saratani ya damu, alikusanya wakimbiaji 38 na kwenda nao kwenye marathoni ya New York. Kila mmoja alikuwa ameomba michango kwa ndugu, jamaa na marafiki. Kundi hilo dogo lilipata zaidi ya dola 300,000, na mfano wake ukaigwa na mashirika mengi ya hisani.

Uingereza nayo ilianzisha marathoni ya London mwaka 1981. Hadi kufikia mwaka 2019, fedha zilizokusanywa na wakimbiaji wake kwa ajili ya mashirika ya hisani ya kila aina zilikuwa zimepita pauni bilioni moja. Mwaka 1994 zilianza pia mbio fupi za kilomita tano za wanawake kwa ajili ya saratani, ambapo aliyeshindwa kukimbia aliruhusiwa kutembea.

Katika mifano hiyo, fedha nyingi hazikutokana na kasi ya mkimbiaji. Zilitokana na watu waliomfahamu, waliomwona akijitesa kwa ajili ya mwingine, wakaona haya kukaa bila kutoa chochote.

Kilomita zinavyogeuka shilingi

Mbio za hisani huwa na vyanzo vitatu vya mapato. Cha kwanza ni ada ya usajili, cha pili ni wadhamini, yaani benki, viwanda na kampuni, na cha tatu ni ahadi za watu wanaomuunga mkono mkimbiaji.

Nchini Tanzania, vyanzo viwili vya kwanza ndivyo vilivyozoeleka. Mkimbiaji hulipa ada, hupewa fulana, namba na medali, kisha huamini kwamba amekwisha kuchangia. Mara nyingi sehemu kubwa ya ada hiyo humrudia mwenyewe kwa njia ya fulana, medali, maji na huduma ya kwanza.

Mfano wa hesabu unaweza kufafanua jambo hilo. Tuseme wakimbiaji 500 wanalipa ada ya Sh30,000 kila mmoja. Jumla ni Sh15 milioni. Ikiwa gharama za kumhudumia kila mkimbiaji ni Sh20,000, zitatumika Sh10 milioni. Kinachobaki kwa mgonjwa ni Sh5 milioni tu.

Sasa tuseme kila mmoja wa wakimbiaji hao amepata watu kumi waliomwahidi Sh500 kwa kila kilomita atakayokimbia. Katika nusu marathoni ya kilomita 21, kila mtu atalipa Sh10,500, na mkimbiaji mmoja ataleta Sh105,000. Wakimbiaji 500 wataleta Sh52.5 milioni. Kiasi hicho ni zaidi ya mara kumi ya kile kilichobaki kwenye ada.

Utaratibu huo si mgeni kwa Mtanzania. Kadi ya ahadi ya mchango wa harusi inafahamika katika kila ofisi na kila mtaa. Mtu huandika kiasi, hukumbushwa, hulipa kidogo kidogo kwa simu, na kamati husoma taarifa ya mapato mbele ya wajumbe.

Kwa mkulima wa Mtwara jambo hilo ni rahisi zaidi kulielewa. Amezoea kuhesabu fedha kwa kilo, na anajua makato kwa kila kilo ya korosho inayopita kwenye chama cha msingi. Atakayemwomba aahidi fedha kwa kilomita hatahitaji maelezo marefu. Atakachouliza ni kile anachouliza kuhusu makato: fedha hizo zinakwenda wapi?

Uganda ilivyofanya

Mfano wa karibu wa jibu la swali hilo uko Uganda. Mwaka 2012 vilabu vya Rotary vya nchi hiyo, kwa kushirikiana na Benki ya Centenary, vilianzisha mbio za kila mwaka za saratani. Wakimbiaji hawakuambiwa tu kwamba wanachangia mapambano dhidi ya ugonjwa huo. Waliambiwa kwamba fedha zao zitajenga wodi ya saratani katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Nsambya, jijini Kampala.

Wodi ilijengwa, na watu waliokimbia waliweza kwenda kuiona. Baada ya hapo lengo lilihamia kwenye kazi ngumu zaidi, yaani ujenzi wa vyumba vya mashine za tiba ya mionzi, ambavyo huhitaji kuta nene za zege ili mionzi isitoke nje.

Umuhimu wa lengo hilo ulionekana mwaka 2016. Mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, na nchi ikabaki bila huduma hiyo hadi mashine mpya ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2017. Baadhi ya wagonjwa walilazimika kuifuata tiba hiyo Nairobi.

Somo la Uganda ni kwamba mbio zilidumu kwa sababu zilikuwa na anwani moja, kazi moja na matokeo yanayoonekana kwa macho.

Hali ilivyo Tanzania

Tanzania ina historia ndefu katika riadha. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea kwa maumivu ya goti, muda mrefu baada ya mshindi kufika. Juma Ikangaa aliipeperusha bendera katika miaka ya 1980. Septemba 2025, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Japan.

Mbio zinazowahusisha wananchi wa kawaida zilishika kasi baada ya marathoni ya Kilimanjaro kuanza mwaka 2003. Mbio za hisani kwa ajili ya saratani zilikuja baadaye.

Zinazofahamika zaidi ni NBC Dodoma Marathon, zilizoanza mwaka 2020. Fedha zake zimekuwa zikielekezwa kwenye mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Baadaye mbio hizo ziliongeza ufadhili wa masomo ya wakunga kupitia Taasisi ya Benjamin Mkapa, yenye jina la Rais wa Awamu ya Tatu aliyezaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mkoani Mtwara.

Mbio za Benki ya CRDB nazo, zilizoanza kwa kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto, mwaka 2021 ziliiweka Ocean Road miongoni mwa wanufaika.

Mtwara yenyewe imewahi kuwa mwenyeji wa mbio zilizopewa jina la korosho, ambazo zililitangaza zao hilo. Hivyo wenyeji wanajua kufunga barabara, kupanga vituo vya maji na kupokea wageni.

Ugonjwa na umbali

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, na karibu watu 27,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyoongoza, ikiwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000.

Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo kupona ni kugumu. Sababu ni nyingi. Wapo wasiojua dalili, wapo wanaoanza kwa mganga wa kienyeji, wapo wanaoona aibu kupimwa, na wapo wanaojua kila kitu ila hawana nauli.

Kwa sera ya afya, mgonjwa wa saratani yumo katika makundi yanayostahili msamaha wa gharama za matibabu katika hospitali za umma. Msamaha huo hauhusu nauli, chumba cha kupanga mjini, chakula, wala shamba lililoachwa bila mtu wa kupalilia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapofikiria gharama za saratani. Hudhani tatizo ni bei ya dawa tu. Kumbe tiba ya mionzi, kwa namna inavyofanya kazi, humtaka mgonjwa awe karibu na mashine kwa muda mrefu.

Mionzi haitolewi yote kwa siku moja, kwani ingeunguza sehemu nzima za mwili. Hugawanywa katika dozi ndogo ndogo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida mgonjwa hupata mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa takribani wiki tano, kisha huongezewa mionzi ya ndani. Mapengo katika ratiba huipa saratani nafasi ya kukua tena.

Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria kama taasisi mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya zama za Wajerumani, ndiyo iliyobeba mzigo wa mionzi kwa nchi nzima kwa miaka mingi. Baadaye huduma hiyo ilifika pia Bugando, Mwanza. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kusini Mwanza ni mbali kuliko Dar es Salaam.

Barabara yenyewe haina uhakika wakati wote. Mapema Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata katika eneo la Somanga, mkoani Lindi, na magari yalikwama kwa siku kadhaa. Abiria wa kawaida alipoteza muda, lakini kwa mgonjwa aliye katikati ya dozi, kukwama namna hiyo ni hatari kwa maisha.

Kusogea kwa huduma kumeanza. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa Mitengo mjini Mtwara, ilianza kutoa huduma mwaka 2021. Kuwapo kwa hospitali ya ngazi hiyo kunafanya iwezekane kuchunguza wagonjwa na kuwafuatilia karibu na nyumbani, badala ya kila hatua kufanyika Dar es Salaam.

Fedha za mbio zinunue nini?

Mbio moja ya mkoa haiwezi kununua mashine ya mionzi. Bei ya mashine, jengo lake, wataalamu wake na umeme wake ni mzigo wa Serikali. Anayewaahidi wakimbiaji mashine anawaahidi asichokiweza.

Yapo mambo matatu ambayo fedha za kiasi cha wastani huyafanya vizuri.

La kwanza ni uchunguzi wa mapema. Mlango wa kizazi unaweza kuchunguzwa kwa kupaka siki, yaani asidi ya asetiki iliyozimuliwa, na kutazama kwa macho. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Mabadiliko hayo yakiwa ya awali, muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyatibu siku hiyo hiyo kwa kuyagandisha au kuyachoma, kabla hayajawa saratani.

Kipimo hicho hakihitaji maabara kubwa. Kinahitaji muuguzi mwenye mafunzo, kitanda, taa, siki na gari la kumfikisha kijijini. Mafuta ya gari la kliniki ya kutembelea Msimbati, Madimba na Mahurunga yamo ndani ya uwezo wa mbio za mkoa.

La pili ni nauli na malazi. Mgonjwa aliyekwisha kupewa rufaa akilipiwa basi la kwenda na kurudi pamoja na msindikizaji wake, na akapata mahali pa kulala kwa wiki zote za mionzi, uwezekano wa kumaliza dozi huwa mkubwa zaidi. Fedha hizo ni vyema zilipwe moja kwa moja kwa msafirishaji na mwenye nyumba ya kulala, chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii wa hospitali.

La tatu ni elimu na chanjo. Tanzania ilianza chanjo ya nchi nzima dhidi ya virusi vya HPV, visababishi vikuu vya saratani ya mlango wa kizazi, Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilitolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo ni ya bure, lakini uvumi huizuia kuliko uhaba. Katika jamii za Wamakonde na Wamakua, ambako makungwi bado wana sauti mbele ya wanawake, kumwelimisha kungwi mmoja kunaweza kuzidi mabango mengi.

Pwani ya Ruvuma ina sababu nyingine ya kujali elimu hiyo. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana katika mikoa ya kusini mashariki, kikikaa mwilini kwa miaka mingi bila tiba huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Mkulima wa mpunga wa bondeni anayekojoa damu hapaswi kuambiwa kwamba ni jambo la kawaida la ukubwani.

Majira na njia

Msimu wa mvua wa kusini huanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika Aprili au Mei. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma, ndiyo yenye hali ya hewa nzuri kwa mbio ndefu. Lakini miezi hiyo mkulima hana fedha mkononi. Minada ya korosho hushika kasi Oktoba na kuendelea.

Ugumu huo una jawabu, na jawabu hilo linaonyesha kwa nini kadi ya ahadi inafaa kuliko ada peke yake. Ahadi ikiandikwa Julai, watu wakikimbia Julai, malipo yanaweza kufanyika Novemba baada ya mnada. Kinachotakiwa ni kamati inayotunza daftari na isiyoona haya kudai.

Njia nazo zipo. Kutoka Mtwara mjini hadi mji wa kale wa Mikindani ni takribani kilomita 10, hivyo kwenda na kurudi kunakaribia nusu marathoni, bahari ikionekana sehemu ya njia. Upande wa pili ni barabara ya Msimbati, inayoelekea Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Marathoni ya kutoka Msimbati hadi mjini ingekuwa na maana ya pekee, kwa kuwa mkimbiaji angepita njia ile ile ya mgonjwa. Waandaaji wa mbio rasmi hutakiwa kuwa na kibali cha Riadha Tanzania, ulinzi wa polisi wa usalama barabarani na gari la wagonjwa. Njia ya mchanga, joto na uhaba wa zahanati huifanya marathoni hiyo iwafae wachache waliojiandaa, huku wengi wakikimbia au kutembea umbali mfupi mjini.

Tahadhari kwa mkimbiaji

Mbio za hisani huwavuta watu ambao hawajakimbia tangu walipomaliza shule. Anayeanza bila mazoezi anahitaji miezi mitatu au minne kabla ya nusu marathoni, na zaidi ya hapo kwa marathoni kamili. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Pwani ya kusini ina joto na unyevu mwingi hata asubuhi. Mbio zianze mapema, ikiwezekana saa 12:00 asubuhi au kabla. Mkimbiaji anayeacha kutoka jasho, anayechanganyikiwa au kuyumba asimamishwe, apelekwe kivulini na kupozwa mara moja. Kunywa maji kupita kiasi nako kuna hatari, kwani hupunguza chumvi mwilini.

Mazoezi yana faida yake katika vita hivi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuushughulisha mwili mara kwa mara hupunguza hatari ya baadhi ya saratani, zikiwamo za matiti na utumbo mpana. Hata hivyo, mwanamke anayekimbia kila siku bado anahitaji kupimwa.

Uwazi ndio mtaji

Mbio nyingi hufa mwaka wa pili au wa tatu kwa sababu wachangiaji hawakuambiwa kilichofanyika. Mkoa ambao wakulima wake wamewahi kusubiri malipo ya korosho na kuhoji makato si mahali pa kutangaza jumla ya makusanyo kisha kunyamaza.

Taarifa ya haki ina tarakimu nne: fedha zilizoingia, gharama za mbio, kilichobaki, na idadi ya watu walionufaika. Inafaa itolewe ndani ya miezi michache, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za hospitali na halmashauri, na kusomwa redioni. Majina ya wagonjwa hayapaswi kutajwa wala picha zao kutumiwa bila ridhaa yao.

Jambo la kuepukwa ni kumwalika mgonjwa jukwaani ili watu waone anavyoumwa na kutoa zaidi. Michango inayopatikana kwa kumdhalilisha mtu huwafukuza wagonjwa wengine, ambao tayari wanaogopa kusemwa mtaani.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa saratani kuna methali nyingine inayofaa kusomwa pamoja na hiyo: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwanamke wa Msimbati akipimwa mapema kijijini kwake, huenda asihitaji kamwe kuzisafiri zile kilomita 550. Akizihitaji, nauli na mahali pa kulala viwe vimekwisha kulipiwa kabla basi halijaondoka stendi.